Mwamba Ndani ya Ngumi

Bweni la wasichana, Tororo
2 Machi 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na Moses na wenzako wote wa shimoni. Mimi ni mzima. Senior Sita, mwaka wangu wa mwisho, imeanza kwa kishindo, posho na maharage ni vilevile, na simu bado ni marufuku; ukikamatwa nayo inavunjwa mbele ya shule nzima. Kwa hiyo utanivumilia na barua, naye Arnold wa boda atavumilia kuzibeba kati ya Tiira na geti letu. Naandika kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kile ambacho wewe Msamia na marehemu mama Mjapadhola mlikutana katikati yake, maana nikiandika Kiingereza utasema najidai.

Nina habari. Mwalimu Bartholomew wa Fizikia ameanzisha chama cha nyota. Tuko wachache, na wenzetu wanatucheka kwamba tunatafuta wachumba angani. Lakini swali alilotuuliza siku ya kwanza limenikaa kichwani hata nashindwa kula: mtu anajuaje nyota iko mbali kiasi gani, na hakuna aliyewahi kuivutia kamba?

Unakumbuka ulivyokuwa ukisimama mlangoni pale Tiira asubuhi, unatazama Mwamba wa Tororo kule upeoni? Kiangazi, vumbi likijaa hewani, ulikuwa unasema, "Leo Mwamba umesafiri." Mvua ikinyesha, unasema, "Umerudi, umekaribia, leteni majembe." Nilikua nikiamini kweli unatembea. Nilikuwa nikiuonea huruma kwa kuchoka.

Basi Baba, nimekupima na umeshindwa. Mwalimu alitufundisha kunyoosha mkono mbele, kufunga jicho moja, na kuona ni sehemu gani ya mkono inaufunika Mwamba kutoka chini hadi juu. Hapa shuleni unahitaji ngumi moja na vidole viwili. Tulipima siku ya vumbi zito, tukapima tena baada ya kale kamvua ka Jumanne. Ni ngumi ileile na vidole vilevile! Vumbi linaufifisha tu, haliupunguzi hata kidogo.

Sasa nataka kipimo cha Tiira. Simama palepale mlangoni, uniandikie. Usikadirie.

Binti yako,
Daphine

*

Tiira
13 Machi 2025

Mwanangu Daphine,

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa ndani ya kofia ya Arnold, inanuka jasho lake. Nimeisoma kwa sauti wakati wa chai na imeniletea ghasia. Umemwambia baba yako "usikadirie". Mimi! Mtu ambaye amefundisha Tiira nzima kupima kamba mara mbili kabla ya kumteremsha mtu shimoni! Kwenye kazi hii unaweza kumdanganya mnunuzi wa dhahabu, unaweza hata kumdanganya mkeo kama una moyo huo, lakini kipimo usikidanganye, kwa sababu kuna mtu ananing'inia upande wa pili.

Basi nimesimama mlangoni, nimenyoosha mkono kama askari wa barabarani. Mwamba wako huku ni ukucha. Ukucha wa kidole cha mwisho, chini hadi juu, basi. Nilidhani jicho linanicheza, nikamwita Moses. Naye akafunga jicho, akanyoosha mkono, akasema, "Mzee, hii Rock yote imeingia kwa kucha yangu! Mimi nakwenda kuibeba nyumbani." Tangu hapo hakuna kazi. Kila mtu anapima kila kitu. Wamepima nyumba ya katekista, wamepima ng'ombe, na Ajambo anayetuuzia chai amewafukuza kwa sababu walikuwa wanampima yeye.

Kwa hiyo nakubali, Mwamba haukusafiri. Lakini nieleze. Kama ukubwa haubadiliki, kwa nini macho yangu yote haya ya uzee yaliapa kwamba uko mbali? Na hizo nyota, nazo mnazipima kwa ngumi?

Mimi niko salama. Mashine ya kusaga mawe inatumwagia vumbi mpaka tunafanana sote, kifua kinakwaruza kidogo, lakini nimejifunga kitambaa cha mama yako, kile cha maua. Samahani kwa alama za vidole kwenye karatasi. Nimenawa, ila vumbi la mawe halinawiki.

Mwaka ule mama yako alipolala kitandani uliacha shule ukamuuguza, ukarudi darasani ukiwa mkubwa kuliko wenzako na hukulalamika. Sijasahau. Soma, nyako, msichana wangu, kama alivyokuita yeye.

Baba yako,
Egesa

*

Bweni la wasichana, Tororo
6 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Nimecheka mpaka metroni wa bweni amekuja kuuliza kama naumwa. Mwambie Moses arudishe Mwamba alikoutoa, tunauhitaji huku.

Maswali yako nimempelekea Mwalimu, akasema baba yako aje ajiunge na chama. Haya ndiyo majibu.

Nyota za karibu tunazipima kwa njia hii. Nyoosha kidole gumba, kitazame kwa jicho la kushoto, kisha kwa la kulia. Kinaruka, sivyo? Ukikileta karibu na pua kinaruka zaidi. Macho mawili yako sehemu mbili, ndiyo maana. Wataalamu huitazama nyota leo, halafu wanaitazama tena baada ya miezi sita, Dunia ikiwa upande wa pili wa Jua. Nyota iliyo karibu inaruka kidogo mbele ya zile za nyuma. Wanapima huo mruko, wanapata umbali.

Lakini nyota za mbali sana haziruki kiasi cha kupimika. Hapo wanatumia mwanga. Ukijua taa ni ya aina gani, na unaiona hafifu, unajua iko mbali kiasi gani. Ni rahisi. Na hapo ndipo wakubwa wa kazi hii walipopotea kwa miaka mingi! Walidhani kati ya nyota na nyota hakuna kitu, kumbe kuna vumbi. Ni jembamba ajabu, lakini njia ni ndefu, linajumlishwa. Vumbi linakula mwanga, nyota inafifia, na mtu anasema "iko mbali sana" wakati iko karibu zaidi ya alivyoandika. Kosa ni lako lilelile, Baba. Leo nyota imesafiri.

Nikauliza, sasa tutajuaje? Kitu kikififia, nitajuaje kama ni umbali au ni vumbi? Mwalimu akafurahi kama nimempa kuku. Akasema umbali unapunguza rangi zote sawasawa. Vumbi lina upendeleo: linakula bluu zaidi, nyekundu inapita. Kwa hiyo nyota ikiwa hafifu tu, iko mbali. Ikiwa hafifu na nyekundu kuliko inavyopaswa, kuna kitu katikati. Ukishajua ni kiasi gani cha rangi kimeliwa, unairudisha nyota mahali pake pa kweli.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nataka kuisomea kazi hii, Baba. Nilikuwa sijamwambia mtu. Siku ya wazazi ni tarehe kumi na tatu, utakuja, nitakuonyesha michoro yangu. Na likizo ya Mei nakuja Tiira tukapime kila kitu tena.

Binti yako,
Daphine

*

Tiira
27 Aprili 2025

Mwanangu Daphine,

Nisamehe kwa siku ya wazazi. Kazi ilinibana.

Likizo hii usije Tiira. Nenda kwa shangazi yako Nangila, Busia upande wa Kenya. Nimemwambia. Ni vizuri zaidi hivyo.

Je, unakula? Sweta uliipata? Baridi ya mvua ikoje bwenini? Ile nyota nyekundu inayotokea jioni inaitwaje, na nayo ni vumbi au ndiyo rangi yake? Hiyo kazi ya kupima nyota inasomewa wapi? Uliza vizuri, upate jibu kamili.

Soma.

Baba yako,
Egesa

*

Busia, Kenya
8 Juni 2025

Kwako Daphine wangu,

Tangu urudi shule nyumba imekuwa kimya, na duka langu halina mtu wa kunichekesha. Wateja wanauliza, yule msichana wa nyota ameenda wapi?

Sasa wacha nikwambie neno ambalo nilishindwa kukwambia uso kwa uso. Egesa ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, kwa hiyo sisemi kwa chuki. Lakini mwanamume anayemwambia mtoto wake wa pekee asije nyumbani likizo, huyo ana mtu nyumbani. Nimempigia simu mara nyingi. Akishika anasema maneno mawili anakata. Mwezi uliopita mteja wangu mmoja wa Tiira aliniambia nyumba ya Egesa imefungwa na hajamwona muda mrefu. Amehamia kwingine, kwa mwingine. Aki, iliniuma.

Wewe si mtoto wa kusubiri mlangoni. Kuna chuo hapa Busia cha walimu wa chekechea, mkuu wake ni rafiki yangu kanisani. Atakushikia nafasi kama utajibu kabla mwezi huu haujaisha. Utaishi kwangu, utakuwa binti yangu. Najua itabidi uache Senior Sita na hizo nyota zako. Lakini mitihani ni Novemba, na baada ya Novemba ni nani atakayekusimamia? Fikiria.

Shangazi yako anayekupenda,
Nangila

*

Bweni la wasichana, Tororo
15 Juni 2025

Baba,

Naandika mambo mawili.

La kwanza ni la chama. Mwalimu anataka vipimo vya Mwamba vya msimu wa mvua, tulinganishe na vile vya kiangazi, tuvichore kwenye ubao wa maonyesho. Nina kipimo chako cha Machi, ukucha wa kidole cha mwisho. Tafadhali pima tena uniletee.

La pili. Nimekuandikia mara tatu tangu Aprili na umejibu mara moja, mistari michache. Siku ya wazazi niliketi kwenye majani na michoro yangu mpaka wazazi wa wenzangu wote wakaondoka, na mama yake Joanita wa darasa letu akanigawia chapati kwa huruma. Likizo ulinifukuza. Wewe ambaye ulikuwa ukiniandikia habari za ng'ombe na katekista, sasa hata jina la Moses silisikii. Shangazi anasema una nyumba nyingine. Kama ni kweli, niambie. Sitakulaumu kwa kuoa, mama amelala miaka minne. Nitakulaumu kwa kuniacha nikisie.

Shangazi ananiita nikaishi kwake moja kwa moja na niache shule hii. Natakiwa kujibu mwezi huu. Nilitaka ujue kwamba bado sijajibu, na sababu ni wewe.

Daphine

*

Tiira
19 Juni 2025

Mwanangu Daphine,

Ngumi moja. Imejaa, chini hadi juu. Nimepima mara mbili, asubuhi na jioni. Mvua zimeosha hewa, Mwamba uko karibu kweli siku hizi.

Sina nyumba nyingine. Sina mke. Shangazi yako mheshimu lakini shule usiache.

Je, michoro uliitunza? Ulichora nini? Yule Mwalimu anasema unaweza kupata chuo kikuu kwa Fizikia? Unakula? Hizo nyota ambazo vumbi limeziziba kabisa, mnajuaje kwamba zipo?

Baba yako,
Egesa

*

Bweni la wasichana, Tororo
22 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Mwambie mkuu wa chuo aandike jina langu.

Nilimwomba Baba kitu kimoja kidogo, atoke nje apime Mwamba kwa mkono. Machi aliandika ukucha. Juzi ameandika ngumi! Kutoka Tiira! Mtu yeyote wa Tiira anajua Mwamba ni kitu kidogo kule mwisho wa macho. Hakutoka nje, Shangazi. Aliketi popote alipo, na huyo aliye naye, akaandika neno lolote ili nimwondokee. Baba yangu, ambaye alinifundisha kwamba kipimo hakidanganywi. Angenidanganya kwa kitu kingine ningevumilia.

Nimelia nikamaliza. Nitakuja shule zikifungwa.

Daphine

*

Bweni la wasichana, Tororo
29 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Tafadhali sana, kama jina langu bado halijaandikwa, lisiandikwe kwanza. Na kama limeandikwa, likatwe kwa penseli. Keti nikueleze.

Jumatano nilimpelekea Mwalimu Bartholomew vipimo vya chama. Cha Baba nilikuwa nimekikata kwa kalamu. Akauliza, "Hiki nani amekiua?" Nikasema mimi, ni cha uongo. Akasema, "Umejuaje?" Nikasema, hakiwezekani. Akanitazama kwa yale macho yake ya kuchoka akasema, "Daphine, namba ikikukasirisha usiitupe. Iulize kwanza: wewe ukiwa kweli, nini kingine kitakuwa kweli?"

Nikaketi nikaiuliza. Ngumi ina upana wa kucha kama kumi hivi. Kitu kilekile kikijaza ngumi badala ya ukucha, basi anayekitazama amekikaribia mara kumi. Kutoka Tiira hadi Mwamba ni kama kilomita ishirini. Ngumi ya Baba inasema yuko kama kilomita mbili. Na vumbi halibadilishi ukubwa, wala mvua haibadilishi, hilo tumelipima sisi wenyewe kwenye chama. Kama Baba alisema kweli, basi hayuko Tiira. Yuko hapa Tororo, Shangazi. Yuko mjini, karibu na mimi kuliko duka lako lilivyo karibu na mpaka.

Nikasema moyoni, sawa, ndiko anakoishi huyo mwanamke. Nikatoa barua zake zote nikazitandaza kitandani ili nikasirike vizuri. Na hapo nikaona jambo lingine.

Nilikuwa najiambia kwamba Baba amefifia. Ni kweli, barua zimekuwa fupi. Lakini hakufifia sawasawa. Kilichopotea ni habari zake yeye: kazi yake, Moses, kifua chake, alichokula, alichocheka. Hayo yameliwa yote. Maswali kuhusu mimi hayajapungua hata moja. Sasa niambie wewe unayewajua watu: mtu anayemwacha mtoto wake anaacha kusema habari zake tu, anaendelea kuuliza kama mtoto amekula? Anauliza chuo kikuu? Kama angekuwa anakwenda mbali, vyote vingepungua pamoja. Kimoja kimeliwa na kingine kimepita. Huo si umbali, Shangazi. Kuna kitu katikati.

Halafu nikatazama karatasi zenyewe. Ya Machi ina alama za vidole vyake za vumbi la mawe kila pembe. Ya Aprili na ya juzi ni safi kabisa. Baba hajagusa mawe tangu Aprili.

Naogopa, nakwambia wazi. Nilipokuwa na hasira nilikuwa na nafuu. Arnold akija getini nitamuuliza swali moja tu, nimtazame usoni.

Daphine

*

Bweni la wasichana, Tororo
6 Julai 2025

Kwa Egesa, wodi ya wagonjwa wa kifua, kitanda cha dirishani

Baba,

Umeona nilivyoandika juu ya bahasha. Safari hii Arnold hakuwa na haja ya kujifanya anatoka mbali.

Usimgombeze. Nilimwuliza, "Arnold, viatu vyako mbona havina vumbi la Tiira?" Akasema, "Si mvua, dada?" Nikamwambia mvua ingeleta matope. Akaanza kufuta kiti cha pikipiki ambacho kilikuwa kisafi. Kisha akasema, "Mimi nilikatazwa. Mzee alisema ukijua, unaacha masomo unakwenda kukaa chini ya kitanda yake, vile ulifanya ya mama." Halafu akalia yeye kabla yangu, mtu mzima na ndevu, mlinzi anatutazama.

Mwalimu Bartholomew alikwenda wodini kwa niaba yangu kabla sijaruhusiwa kutoka. Muuguzi Damalie amemweleza yote. Kwamba ulianguka kwenye mashine siku chache kabla ya siku ya wazazi. Kwamba ni TB iliyopata nafasi kwenye mapafu yaliyojaa vumbi la mawe. Kwamba wiki za mwanzo hukuruhusiwa mtu, na sasa unaruhusiwa lakini umewaambia huna mtu. Huna mtu, Baba?

Nimekukasirikia sana na nakupenda sana, sijui nianze na lipi. Siku ile niliyokaa kwenye majani na michoro, ulikuwa unapoteza pumzi upande wa pili wa Mwamba. Mimi nilikuwa nakuhesabu kuwa umekwenda mbali kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpoteza. Tumekuwa tukiutazama Mwamba mmoja, mimi kwa mbele na wewe kwa nyuma.

Sasa sikiliza. Siachi shule. Nimemwandikia Shangazi kwamba sihami, na nimemwandikia kwa nini, ajiandae kukugombeza yeye mwenyewe, anakuja wiki ijayo na mchele. Shule siachi na wewe sikuachi. Hukunipa nafasi ya kukuambia kwamba mtu anaweza kufanya yote mawili. Nilipoacha shule kwa ajili ya mama nilikuwa mtoto na hatukuwa na mtu mwingine. Sasa mimi ni mkubwa, na wewe uko umbali wa kutembea kwa miguu.

Metroni amenipa ruhusa ya kila Jumamosi baada ya somo la mwisho. Nijibu swali moja tu kabla sijaja. Ungeweza kuandika "ukucha". Ulikuwa nalo neno hilo tangu Machi, na mimi nilikukumbusha kwenye barua yangu. Ningeamini, ningeliandika ubaoni, na nisingekupata kamwe. Kwa nini uliandika ngumi?

Daphine

*

Wodi ya kifua, Tororo
10 Julai 2025

Mwanangu Daphine, nyako,

Naandika polepole, pumzi inakuja kwa mafungu, lakini leo siandiki kwa kujibana. Muuguzi Damalie ameniwekea mito miwili mgongoni na kunitishia nisizidishe ukurasa. Nitazidisha.

Kwanza Moses anakusalimu. Anakuja kila soko la Jumatano, ananiletea uji, anaupima Mwamba pale dirishani anasema umeota tangu alipouacha. Mashine ameiacha na yeye, nilimwambia nitakufa mara mbili nikisikia ameirudia. Kitambaa cha mama yako nilikuwa nakivaa kweli, lakini vumbi lile ni jembamba, linapita kwenye maua. TB daktari anasema itapona nikimeza dawa zote bila kuruka. Vumbi lililoingia halitatoka. Shimoni sirudi tena, na ngazi nitazipanda kwa kupumzika kila mara. Hiyo ndiyo hali yangu, sijapunguza chochote.

Nilikosea. Nilidhani nikikaa kimya unaniona niko kazini, kumbe kimya kilikuwa kinakuonyesha mtu anayeondoka. Ulipoandika kwamba nilikufukuza, niliifunika barua kwa shuka ili mgonjwa wa jirani asione uso wangu.

Sasa swali lako. Barua ile ilipofika nilimwambia Arnold asubiri. Nilishika kalamu niandike "ukucha". Neno lilikuwa tayari. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshaandika "Tiira" juu ya karatasi bila aibu, kwa hiyo usidhani mimi ni mtu mwema sana. Lakini ulikuwa umeniomba nipime. Nikageuka dirishani, nikanyoosha mkono, na Mwamba ukajaa ngumi yote. Nikasema, Egesa, kuna mtoto upande wa pili wa kamba hii. Sikuweza, mwanangu. Jioni nikapima tena nikiomba Mungu upungue, haukupungua. Nikakuandikia Mwamba ulivyo, na nilijua wewe ni nani na kipimo hicho utakifanyia nini. Labda mdomo wangu ndio uliotaka kujificha, na mkono ulitaka kupatikana.

Hukunijibu kuhusu zile nyota ambazo vumbi limeziziba kabisa. Njoo na jibu.

Leo imenyesha kutwa na sasa hewa ni safi, naona hata nyufa za Mwamba na ndege wanaozunguka juu. Jumamosi nitakuwa nimenyolewa ndevu. Ukifika, simama kwanza mlangoni pa wodi, kule mwisho. Nitafunga jicho moja nikunyooshee mkono nikupime. Kisha njoo, usisimame tena, njoo mpaka ngumi yangu ishindwe kukufunika.

Baba yako,
Egesa